Swahiba, usiifute ile kadi ya memori

Swahiba wangu,

Assalaam alaykum. Natumai wewe, shemeji na watoto hamjambo huko Mwanza. Sisi Tanga wazima, mvua tu ndiyo haitupi nafasi. Habari nyingine zitafuata, lakini kwanza nijibu hili: ile simu yako ya zamani, uliyoishika tulipokuwa Pangani kumrekodi marehemu Mzee, yule fundi wa kuunda vyombo vya majini, iko wapi? Kama bado ipo, usimpe mtu, usiifomati, wala usipige picha hata moja kwa simu hiyo.

Diski ya laptopu yenye rekodi zake imekufa. Jioni ile nilikuwa nasikiliza pale Mzee anaposimulia namna ya kuchagua mti wa mkuku, ule uti wa chini wa chombo, naandika neno kwa neno. Sauti ikakatika, skrini ikaganda, kisha ndani kukaanza kugonga: ta, ta, ta, kimya, halafu tena ta, ta. Nikazima. Asubuhi nikaipeleka kwa fundi wa Barabara ya Kumi, yule aliyetutengenezea printa. Akaiunganisha, akaisikiliza kidogo tu, akaichomoa. "Hii isiwashwe tena."

Alinieleza vizuri, Mungu ambariki. Ndani mna visahani vinavyozunguka mara 5,400 kwa dakika, na vichwa vya kusomea vinapita juu yake bila kugusa, katika upenyo mwembamba kuliko unywele. Kichwa kikiharibika kikagusa sahani, kinakwangua ule utando wenye data, na kilichokwanguliwa hakuna wa kukirudisha. Ndiyo maana kila ukiiwasha unazidi kuumiza. Fundi mwingine alitaka kuifungua palepale mezani, mlango wazi, vumbi la barabarani linaingia. Nikamnyang'anya. Binamu yako naye ananisisitizia niitie kwenye friza, eti kuna mtu alifanya ikapona. Baridi inaleta unyevu juu ya visahani! Hata kubadilisha ile bodi ya chini hakutoshi, kwa sababu ina kichipu chenye vipimo vya diski ile ile, na tatizo letu lenyewe ni vichwa. Dawa ni chumba kisicho na vumbi kabisa na vichwa kutoka diski nyingine ya modeli ile ile. Wapo wanaofanya kazi hiyo, ila bei niliyotajiwa ni ya mtu anayenunua pikipiki, na hawaahidi kitu.

Nakala ya pili hatukuwa nayo, na kisa chake unakijua. Diski ya akiba tuliiomba kwa maandishi kabla hatujarekodi neno lolote, na kila nikiuliza ofisini jibu ni lile lile, fungu halijapitishwa. Linaniuma sana hili. Kazi ya mtu mzima aliyejitoa kwetu juani, na sisi tukose kifaa kinachoingia mfukoni.

Daftari langu lina majina: mkuku, mataruma yaani mbavu za chombo, foromali inayobeba tanga, tezo ya kuchongea, keekee ya kutobolea. Kalafati nimeiandika pia, kuziba mishono ya mbao kwa pamba na sifa, yale mafuta ya samaki. Lakini daftari halina mlio wa nyundo anapopigilia pamba, ule anaosema ukibadilika ujue mshono umeshiba. Halina wimbo wa kushushia chombo majini, aliouimba mara moja tu kisha akakohoa akasema imetosha. Na pale alipolishika shina la mti akaonyesha kwa kiganja lilipojipinda lenyewe kuwa taruma... hilo nitaliandikaje?

Binti yake mkubwa alinipigia. Wanataka wajukuu waisikie sauti yake siku ya arobaini. Nilimwambia ukweli wote. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi muulize mwenzio, si naye alikuwa anarekodi?" Ndipo nikakumbuka ile simu, na tangu hapo siwazi kingine.

Usidhani natafuta muujiza. Mwaka 2019 ilijulikana kuwa mtandao wa kijamii wa MySpace ulipoteza muziki uliopakiwa kabla ya 2016, wakati wa kuhamisha seva, nao ni watu wenye mitambo na mafundi wao. Baadaye nyimbo kama 490,000 zikapatikana, kwa kuwa watafiti fulani walikuwa wamezinakili kwa kazi yao nyingine kabisa. Waliookoa ni watu wa pembeni. Nawe unaweza kuwa na kitu bila kujua.

Hata kama ulishazifuta rekodi hizo, usikate tamaa. Faili ikifutwa kwenye kadi ya memori, kwa kawaida linaloondoka kwanza ni jina lake tu, yenyewe inabaki mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake. Kwa hiyo itoe kadi, iweke mahali pakavu. Ila tazama kwanza: kama uliiunganisha iwe sehemu ya hifadhi ya simu, haitasomeka kwingine, basi simu na kadi zikae pamoja na simu isirudishwe kama mpya.

Ukikuta chochote, usinitumie kama video ya WhatsApp, inabana picha na sauti. Tuma kama dokyumenti, na kadi yenyewe mpe mtu unayemwamini anayekuja huku. Kabla hajaondoka, nakili kwenye flashi ubaki nayo.

Sasa niambie. Ile siku ya pili, mimi nilipokwenda kivukoni, uliendelea kurekodi? Wimbo uliushika wote au mwisho tu? Ulimtumia shemeji kipande chochote, au yule mwalimu wa Muheza aliyekuwa anakuomba picha kila mara? Barua pepe yako ya zamani bado inafunguka? Na mama anaendeleaje na goti, mlimpeleka Bugando? Nijibu hata usiku, nitakuwa macho.

Wako,
Mwenzio wa Tanga