Shoga, kabla hujalipa

Mwanaidi shoga yangu,

Salamu nyingi. Mama hajambo? Mguu wake je? Mimi mzima, ila upepo wa huku Shetland utanimaliza.

Ujumbe wako nimeupata: umepata sehemu pale dikoni ya kuchemshia dagaa, na pesa zote za mchezo unaziingiza humo. Ningekujibu siku ile ile, lakini wenzangu wa kazini wakanipakia garini tukaenda Unst, kisiwa cha kaskazini kabisa Uingereza wanakoishi watu. Pantoni mbili, na tumbo langu unalijua.

Kuna ghuba huko yaitwa Baltasound. Siku hizi ni nyumba chache, kondoo, na kituo cha basi chenye kochi na mapazia, wallahi. Maji yakitoka ndipo unaona nguzo za magati ya zamani, zimelika, zimeota mwani. Juu pwani imebaki misingi ya vibanda. Mwaka 1905 hapo palikuwa diko kubwa la heringi, ndugu yake dagaa papa, ila yeye mkubwa na ana mafuta. Msimu ukifika watu wanamiminika kwa maelfu. Wanawake walifanya kazi watatu watatu: wawili wanatumbua, mmoja anapanga kwenye pipa, samaki, chumvi, samaki, chumvi. Vidole wamevizonga vitambaa, maana chumvi ikikutana na mkato wa kisu... nikwambie nini wewe.

Na samaki hawakwisha, Mwanaidi! Hilo ndilo linaloniwasha. Zilikuja boti za mvuke, zikawa zinawahisha samaki hadi Lerwick, mji mkuu wa huku Shetland, Baltasound ikaanza kupwaya. Halafu vita vya 1914. Mapipa yalikuwa yakienda Ujerumani na Urusi; mnunuzi akakatika, na biashara haikurudi tena ilivyokuwa.

Sasa wewe dagaa wako wote anachukua yule mzee wa Kongo. Sikukatazi. Bi Saumu atasema nakuonea wivu, na yeye kwa maneno... haya, tumwache. Lakini pesa zote, shoga? Hata za ada ya Rukia?

Huyo mzee analipa papo hapo au mnamkopesha? Njia ya Kongo ikifunga, dagaa mnampelekea nani? Chanja ni zako au za kukodi? Mmeandikiana na mwenye sehemu, au ni maneno ya barazani tu? Na Hamadi keshajua?

Nijibu kabla hujalipa.

Zuhura