Miaka 30 gerezani na nauli ya shahidi: taarifa ya mwenyekiti kwa mkutano mkuu wa mwaka

Ndugu wanachama,

Ahsanteni kwa kufika. Wa Igombe na Kayenze najua mmeacha dagaa mchangani na wingu limetanda, na wa Ukerewe mmetoka nyumbani tangu jana. Kwa hiyo mambo ya uendeshaji nayapitia upesi. Vikao vya kamati vimefanyika kama katiba yetu inavyotaka. Hesabu atazisoma Mhazini baada yangu. Wanachama wapya wa mwaka huu wengi ni mamantilie na akina mama wanaopara samaki, na nimefurahi sana, kwa sababu hao ndio wanaoona mtoto kaingia gesti gani na katoka saa ngapi.

Muda uliobaki nautumia kwa jambo moja: sheria zinazomlinda mtoto. Mwaka mzima tumeulizwa swali lilelile: sheria inasema mbakaji afungwe miaka 30, mbona fulani anayetuhumiwa yupo mwaloni, pale boti za uvuvi zinapofikia, anauza petroli ya boti kama kawaida?

Tulipoanzisha chama, kilio chetu kilikuwa sheria iongezwe makali. Tukaandika barua, tukasimama kwenye mikutano ya hadhara. Leo nawaambia kwa moyo wote kwamba kwa sehemu kubwa makali yapo. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka miaka 30 kuwa kiwango cha chini kwa mbakaji, na kifungo cha maisha kwa anayembaka mtoto wa chini ya miaka 10. Anayemlawiti mtoto wa chini ya miaka 18, ni maisha. Binti wa chini ya miaka 18 akisemwa kwamba "alikubali mwenyewe", kukubali kwake mahakamani hakumwokoi mtu. Kichaka kilichobaki kilikuwa ndoa, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi. Mwaka 2016 mambo mawili yalitokea. Bunge lilirekebisha Sheria ya Elimu: anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari, miaka 30, na anayesaidia ndoa hiyo ifungwe, faini isiyopungua shilingi milioni 5 au miaka 5 jela. Mwaka huohuo Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, ilisema vifungu vile vya ndoa vinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019.

Picha za utupu za watoto, ambazo sasa zinarushwa kwenye simu hadi visiwani, zimo kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015: faini isiyopungua milioni 50 au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Kuhusu usafirishaji haramu wa watu, sheria ni ya 2008, na mwaka 2022 iliondolewa ile nafasi ya kulipa faini badala ya kwenda jela. Naomba tulitafakari hilo. Kwa miaka mingi dalali aliyewatoa mabinti vijijini, akawaahidi kazi za ndani mjini, kisha akawagawa kwenye mabaa, angeweza kuhesabu noti akaondoka. Neno dogo "au" ndilo lililokuwa linamtoa. Mwaka 2024 Bunge likazigusa tena sheria kadhaa za ulinzi wa mtoto.

Angalizo kwa mnaotembea na vijitabu vya zamani: tangu Toleo la Sheria la mwaka 2023 lianze kutumika Julai 1, 2025, namba za vifungu vingi zimehama. Ndiyo maana hapa nataja kosa, sitaji kifungu. Nanyi mkifika kituoni elezeni kilichotendeka. Kifungu watakitafuta wenyewe.

Mahali pamoja sheria bado ni nyepesi, na ni hapa kwetu mlangoni. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumfanyisha mtoto kazi usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Dagaa huvuliwa usiku, mwezi ukiwa haupo, kwa taa. Hakuna dagaa wa mchana. Maana yake kila mvulana wa darasa la sita anayeshika taa na kukomba maji mtumbwini yumo ndani ya kosa ambalo tajiri wa boti analijua. Sheria hiyohiyo inataja kazi za hatari kwa mtoto: kwenda baharini, migodini, kubeba mizigo mizito, kufanya kazi kwenye baa na hoteli. Wanaotuambia kwamba ziwa si bahari, mimi huwajibu kwamba usiku ni usiku popote. Lakini tazameni adhabu ya kumtumikisha mtoto kinyonyaji: faini isiyopungua shilingi laki moja, au miezi 3. "Au" ile imerudi. Tajiri anayeweka mashine ya boti mafuta kila jioni haiogopi laki moja.

Nimelikazania hili kwa sababu karibu kila shauri kubwa tulilolishika mwaka huu lilianzia kwenye hilo dogo. Binti hakutoka shuleni akaangukia mikononi mwa mbakaji moja kwa moja. Alianza kwa kuanika dagaa asubuhi, akaja kuosha vyombo kwenye mgahawa wa kambi, akapewa kitanda cha kulala nyuma ya baa, na hapo hakuna mtu mzima aliyemuuliza yeye ni mtoto wa nani. Kamati inapendekeza tuiandikie Tume ya Kurekebisha Sheria pamoja na wabunge wetu, tuombe adhabu ya utumikishaji ipandishwe na faini isisimame peke yake. Rasimu iko kwa Katibu. Isomeni kabla ya kupiga kura.

Sasa nirudi kwenye lile swali la fulani aliyepo mwaloni. Yupo kwa sababu mashahidi hawakufika, au walifika wakageuka. Nami naamini, wengine mtanipinga, kwamba ukubwa wa adhabu umechangia. Mtuhumiwa wetu mara nyingi ni baba mdogo, ni mjomba, ni tajiri anayemlipia mtu ada. Familia ikisikia miaka 30 inaona nyumba mbili zinakufa njaa. Hapo wazee wanakaa, bahasha inapita, na mama wa mtoto anaambiwa asiliaibishe jina la ukoo. Kikao kimoja cha namna hiyo nilikishuhudia mwenyewe, nyuma ya chanja za kukaushia samaki. Watu wazima saba kwenye viti vya plastiki, soda zimefunguliwa. Mtoto aliyekuwa anazungumziwa ndiye aliyetumwa kuzileta soda zile. Aliweka trei mezani, akaondoka, hakuna aliyemtazama. Tangu siku ile sijaweza kulitamka neno "tumeyamaliza" bila kuiona trei ile.

Sitaki adhabu ipunguzwe ili familia zishitaki. Nataka mama anayekataa bahasha asibaki peke yake. Sheria ya Mtoto inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa ya mtoto kuvunjiwa haki azifikishe kwa serikali ya mtaa au kijiji. Wajibu huo si wa mzazi peke yake. Mwanachama akifika kwa mtendaji, kwa afisa ustawi wa jamii au kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, shauri linakuwa limeshatoka mikononi mwa ukoo, na mama anaweza kuwaambia wakwe zake kwa kweli kabisa kwamba si yeye aliyelipeleka. Namba 116, ya bure, nayo inafanya kazi hiyo, hata mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Kuhusu ushahidi, tulijifunza kwa uchungu. Mtoto asiogeshwe kabla ya kupimwa. Nguo zisifuliwe, zifungwe kwenye karatasi, si mfuko wa plastiki, kwa kuwa plastiki inaozesha. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kutoka visiwa vya mbali, upepo ukichafuka, saa hizo zinaisha mkisubiri mtumbwi. Usisubiri kikao cha ukoo, usisubiri Jumatatu. Jambo la pili ni umri. Kesi zimeanguka si kwa sababu mtoto hakutendewa, bali kwa sababu hakuna aliyethibitisha umri wake. Cheti cha kuzaliwa, mzazi, mwalimu, daktari, yeyote kati ya hao anaweza kuuthibitisha, lakini lazima mmoja auseme mbele ya hakimu. Akina mama, kadi ya kliniki msiifungie maandazi.

La tatu ni neno la mtoto lenyewe. Tangu mwaka 2006 Mahakama ya Rufani imeshikilia kwamba ushahidi ulio bora katika kosa la kujamiiana ni wa aliyetendewa. Mahakama inaweza kutia hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake ikiridhika kwamba anasema kweli. Na tangu marekebisho ya 2016, mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila aahidi kwanza kusema kweli na kutosema uongo. Sentensi moja tu. Katika rufaa moja ya mwaka 2018, Mahakama ya Rufani ikiwa Bukoba, ng'ambo tu ya ziwa letu, ilieleza aulizwe nini: umri wake, dini yake na kama anaelewa maana ya kiapo, na kama anaahidi. Katika shauri lile ahadi haikuchukuliwa. Ushahidi wa mtoto ukatolewa kwenye kumbukumbu, na aliyekuwa amefungwa akaachiwa. Kazi ya kuuliza ni ya hakimu, na sisi hatumfundishi mtoto la kusema. Hilo ni haramu, na litaiua kesi. Tunachofanya ni kumweleza kwamba ataulizwa, kumwonyesha chumba kabla ya siku, na kumwambia kwamba shauri lake linasikilizwa faraghani, wale watu walioko kwenye mabenchi ya nje hawatakuwemo.

Namalizia na binti wa miaka 12 na bibi yake, wa kisiwa ambacho sitakitaja. Kuja Mwanza wanapanda mtumbwi wa injini, halafu boti, halafu daladala. Mara ya kwanza kesi iliahirishwa kwa kuwa jalada halikuonekana. Mara ya pili daktari aliyejaza PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, alikuwa amehamishwa. Mara ya tatu waliingia, wakakaa hadi saa 8 mchana, wakaambiwa warudi. Kila safari bibi alikuwa anafungua fundo la kanga na kuhesabu sarafu juu ya goti, na mtoto anahesabu naye kimoyomoyo, midomo ikicheza. Usiku ule walilala kwangu. Binti aliniambia, "Mama mwenyekiti, nimeshasimulia kwa polisi, kwa daktari, kwa ustawi. Huyu hakimu hawezi kuwauliza wao?" Nikamweleza kwamba hakimu anataka kumsikia yeye mwenyewe. Akafikiri, akauliza kama atapewa kiti.

Mfuko wa nauli na malazi ya mashahidi kamati iliuanzisha baada ya usiku huo, kwa michango yenu, na naomba mkutano huu uuingize rasmi kwenye bajeti kabla ya semina, fulana na kiti changu mimi. Mwendesha mashtaka wa shauri lile ameniahidi kumtafuta daktari alikohamia. Karani naye amekubali kutupigia simu siku moja kabla kama kuna kuahirishwa, ili bibi asivuke ziwa bure.

Shauri limepangwa kusikilizwa Ijumaa ya wiki ijayo, saa 3 asubuhi. Boti yao inafika Alhamisi jioni. Nahitaji watu wawili wa kuwapokea bandarini, mmoja awe mwanamke, na mwenye nyumba iliyo karibu na mahakama awapokee usiku mmoja. Mjiandikishe kwa Katibu kabla hamjaondoka.