Barua kwa Mwanangu Aliye Kazini Malindi

Langoni, Lamu

Mwanangu mpenzi,

Baada ya salamu, mimi mamako ni mzima, na hofu ni juu yako uliye mbali nami. Tangu uliponisimulia yaliyotokea kazini kwenu hotelini sijalala vizuri, na kwa kuwa simu hukatika na maneno mengine hayafai kusemwa mbio mbio, nimeona nikuandikie.

Uliniambia kwamba msimamizi wenu wa jikoni alimshika kiuno yule binti aliyeajiriwa mwezi uliopita, akamtamkia maneno ambayo ulishindwa kuyarudia mbele ya mama yako, nanyi mlikuwa watu watano mliosimama na sahani mikononi, na hakuna aliyenena. Ukasema hujui kama ulikuwa mwoga au ulikuwa na adabu, kwa sababu yeye ni mkubwa kwako kwa umri na ndiye anayepanga zamu.

Nianze na hilo la woga, maana naona linakutafuna. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa jaribio la wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, lililotangazwa mwaka 1968. Mwanafunzi aliketishwa peke yake chumbani akizungumza na wenzake kwa kipaza sauti, mara akamsikia mmoja wao akishikwa na kifafa na kuomba msaada, ingawa kwa kweli ilikuwa sauti iliyorekodiwa. Miongoni mwa waliodhani kwamba ni wao pekee wanaomsikia mgonjwa, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla sauti haijakatika. Miongoni mwa waliodhani kwamba wako wengine wanne wanaosikia, walitoka asilimia 31 tu. Waliobaki vitini hawakuwa na moyo mgumu, kwani wengi walikutwa mikono ikiwatetemeka na viganja vimelowa jasho. Kila mmoja alikuwa akimngoja mwenziwe. Nanyi watano jikoni mlikuwa mkingojana.

Mimi nimewahi kuwa mahali pa binti huyo, na sikuwahi kukwambia. Mwaka 1989, kabla sijaolewa na baba yako, nilikuwa mpiga taipu katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Mkubwa wetu alikuwa na desturi ya kusimama nyuma ya kiti changu, akaniwekea mkono begani, kisha mkono ukateremka. Tulikuwa watu sita katika chumba kimoja. Dada mmoja niliyempenda sana, ambaye tulikuwa tukila sinia moja, aligeuza kiti chake akatazama dirishani. Na mpaka leo nikikutana naye njiani, Mungu anisamehe, kisogo chake ndicho ninachokiona kwanza.

Aliyenisaidia alikuwa tarishi, mzee wa watu asiye na cheo wala kisomo cha skuli. Siku moja aliingia na birika la chai ambalo hakuna aliyeliagiza, akavuta kiti akakiweka baina yangu na yule bwana, akaketi na kusema kwamba ametumwa kungoja barua. Barua haikuwapo. Tangu siku hiyo, kila mkubwa alipotoka chumbani mwake kuja upande wetu, mzee yule alipata kazi karibu na meza yangu. Hakumkaripia mtu. Jioni moja alipita kwetu, akaketi barazani na bibi yako, na nilipomletea kahawa akaniuliza kwa sauti ya chini swali ambalo hakuna mwingine aliyeniuliza: “Wataka nifanye nini, mwanangu?” Nilipoamua kushitaki, yeye ndiye aliyekuwa shahidi wangu, na ingawa hakuandika kitu, alizitaja siku zote kwa hesabu ya mwezi, ya pili Mfungo Tano, ya tisa Mfungo Tano, bila kukosea. Yule bwana alihamishwa tu, hakuadhibiwa. Lakini niliaminiwa, nikaweza tena kupita uwanja wa Mkunguni nimeinua uso.

Aliyoyafanya mzee yule yako ndani ya uwezo wako. Ukimwona msimamizi anamsogelea binti, mwite kwa kazi: wageni wanamngoja, ufunguo wa stoo haupatikani, chochote kitakachomtoa pale. Ukijiona una nguvu ya kusema, sema machache kwa utulivu, kwamba jambo hilo halina heshima na amwache afanye kazi yake. Wala usimtukane wala usimguse, kwa sababu mkipigana, kesi itakuwa yenu ninyi wawili na binti atasahauliwa. Ukihofia fujo, kamwite aliye juu yake. Na usiku huo huo andika tarehe, saa, mahali, waliokuwapo, na maneno yenyewe kama yalivyotamkwa, hata kama unaona haya kuyaandika. Karatasi hiyo ni amana ya binti, na yeye ndiye atakayesema iende wapi. Kama kuna aliyerekodi kwa simu, isiingie katika vikundi vya WhatsApp, hata kwa nia njema.

Najua watakuja wa kukwambia ufunike kombe mwanaharamu apite, kwamba sisi watu wa pwani tuna sitara. Nimelelewa katika sitara na nimekulea ndani yake, wala siiachi. Lakini sitara ni nguo ya aliyetendewa. Ni kutolitaja jina lake sokoni, kutoifanya habari yake mazungumzo ya baraza, kutomuuliza alikuwa amevaa nini. Ukiivua kwake ukamvika msimamizi, umemwacha mtoto wa watu uchi, na hiyo mimi siiti adabu.

Wakati wangu hapakuwa na sheria ya kazi ya kuishika juu ya jambo hili. Leo Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 6, inahesabu unyanyasaji wa kingono kuwa ni pamoja na maneno, picha, ahadi ya upendeleo na vitisho, na mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa awe na sera iliyoandikwa juu yake. Hoteli yenu inapita idadi hiyo, basi iulizie. Kipo pia chama cha wafanyakazi wa hoteli, KUDHEIHA, na simu ya 1195 ya kuwasaidia waliofanyiwa ukatili wa kijinsia, ambayo haina malipo.

Hujachelewa. Mwendee kesho, lakini usimfuate peke yako asije akadhani nawe una lako. Nenda pamoja na dada mnayemwamini. Mwambie kwamba ulikuwapo, uliona, hukusema, na unamtaka radhi. Kisha muulize anataka mfanye nini. Akisema hataki lolote, usimlazimishe. Kaeni naye karibu zamu zenu zikikutana, na usiku, dada huyo amsindikize mpaka stejini.

Barua hii nimempa jirani anayevuka Mokowe alfajiri kulipata basi la Malindi, pamoja na kifurushi cha halua. Gawaneni wote watatu. Nipigie Ijumaa baada ya sala unieleze alivyokujibu.

Wasalaam,
Mamako