Mlifupisha Mtutu, Kitako Mkakiacha

Njoro,
Kaunti ya Nakuru.

Kwa Meneja wa Mauzo,
Duka la Silaha,
Nairobi.

Bwana Meneja,

MINT: BUNDUKI YA MARISAU ISIYOLINGANA NA MWILI WANGU

Mimi ni yule mama mfupi aliyekuja dukani kwenu na kaka yake mrefu. Huenda mkamkumbuka kaka zaidi, maana ndiye mliyezungumza naye karibu saa nzima. Nilinunua shotigani ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa tundu la mtutu), ya kukokiwa kwa mkono, yenye mtutu wa inchi 18 na nusu. Nakala ya risiti nimeiambatisha pamoja na namba ya bunduki. Nianze kwa kusema kwamba bunduki yenyewe haina ubovu. Inakoki vizuri, inafyatuka vizuri. Ninacholalamikia ni kwamba niliwaeleza waziwazi ni nani atakayeitumia na kwa kazi gani, kisha mkaniuzia bunduki ya mtu mwingine.

Nilisema nina kimo cha sentimita 152 na uzito wa kilo 47. Nilisema ninajifunza kulenga sahani za udongo zinazorushwa angani katika klabu moja huku Nakuru, na kwamba bunduki ya kuazima ninayofunzwa nayo inanizidi urefu. Nikaomba ndogo. Kijana wenu akasema, "Iko, mathe," akaenda akaja na hii, akamkabidhi kaka yangu. Kaka ana futi sita na ushee. Akaiegemeza begani, akatikisa kichwa, "Iko sawa hii." Basi ikawa imeamuliwa. Mimi nilipewa dakika mbili za mwisho, na niliposema naona kama mkono haufiki vizuri nikaambiwa nitazoea.

Bwana Meneja, mkono haurefuki kwa mazoea.

Kijana wenu alipima udogo wa bunduki kwa kutazama mtutu. Mtutu uko mbele huko, haunigusi. Kinachonigusa ni kitako, na kitako cha bunduki hii kimetengenezwa kwa mwanamume wa kimo cha kawaida: kutoka kwenye kifyatulio hadi mwisho wa kitako ni inchi 14 na robo. Nimepima mwenyewe kwa utepe wa fundi cherehani. Mwalimu wetu wa klabu aliponitazama nikiwa nimeiweka begani, bila risasi, alisema ninahitaji inchi 12 na nusu hivi, labda 13. Hakutumia mtambo wowote. Aliangalia nafasi iliyobaki kati ya pua yangu na kidole gumba cha mkono unaoshika kitako. Inatakiwa iwe vidole viwili au vitatu. Yangu ilikuwa kiganja kizima. Hilo lingefanyika dukani kwenu kabla chai ya kaka yangu haijapoa.

Inchi moja na robo, au moja na robo tatu, pengine mnaona ni kitu kidogo. Acheni nieleze inavyokuwa uwanjani. Ninapoinua bunduki, kitako kinanasa kwapani kwenye sweta. Nikifanikiwa kukipandisha, hakikai kwenye bonde la bega, kinakaa juu ya msuli wa mkono. Ili nishike mbele ninalazimika kuegemea nyuma, uzito wote uko kwenye visigino, na shingo naivuta kama kobe ili shavu lifike kwenye kitako. Halafu nafyatua. Teke linanikuta nimeshapinda nyuma tayari, nusura nikae chini. Shavu nalo huwa limeinuka, jicho liko juu kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo risasi inapita juu ya sahani. Siku ya kwanza nilipiga risasi 15 nikarudi nyumbani na alama nyeusi mkononi iliyomfanya jirani aniulize, kwa sauti ya chini na ya huruma, kama nyumbani kuna amani.

Na hizo risasi pia ni ninyi mlionichagulia: katriji za gramu 32 za marisau, zile goroli ndogo zinazotoka mtutuni. Klabuni watu wenye mabega ya mlango wanatumia gramu 28, na katika Olimpiki kikomo ni gramu 24. Bunduki yenu nayo ni nyepesi, jambo ambalo kijana alilitaja kama sifa kubwa kwa mama. Ni sifa ukiibeba. Ukiifyatua, bunduki nyepesi yenye risasi nzito ndiyo inayopiga teke kuliko zote, kwa kuwa hakuna uzito wa kulimeza lile teke. Hii ya kukoki kwa mkono haina hata ule utaratibu wa gesi unaopunguza teke katika bunduki nyingi zinazojikoki zenyewe. Yaani mlikusanya kila kinachomwumiza mtu mdogo mkakifunga pamoja mkakiita ndogo.

Kuhusu huo mtutu mfupi mliousifu, sisemi mengi. Ni mtutu wa bunduki ya askari wa lango. Hauna choki, yaani ule mbano wa mdomo wa mtutu, kwa hiyo marisau yanatawanyika mapema. Kwa umbali wa mita 36 na nusu, mtutu usio na choki huweka takriban asilimia 40 tu ya marisau ndani ya duara la sentimita 76, ilhali wenye choki kamili huweka takriban 70. Sahani yangu inapita katikati ya matundu salama salimini. Wenzangu wanatumia mitutu ya inchi 28.

Nilipopiga simu, kijana aliniambia nimpelekee seremala kitako akikate. Kitako chenyewe ni cha plastiki na ndani kina uwazi! Na hata kingekuwa cha mti, silaha yenye leseni haipelekwi kwa fundi wa vitanda hapa Njoro. Akabadilisha, akasema basi niongeze pesa nichukue .410, shotigani yenye tundu dogo kabisa, "ile ya watoto na akina mama". Tafadhali mwelezeni kwamba katriji ya kawaida ya .410 hubeba kama gramu 14 tu za marisau. Teke lake ni dogo, kweli, lakini anayeanza ataikosa sahani mpaka achoke na mchezo wenyewe. Ni bunduki ya mtu ambaye tayari analenga vizuri. Mwishowe akasema mnaweza kuinunua tena kama mtumba, kwa bei ambayo sitaiandika hapa kwa heshima ya mtakaosoma.

Mnajua vizuri kwamba hii si viatu, nirudishe namba 40 nichukue 36. Leseni yangu imeandikwa bunduki hii kwa namba yake. Kuibadilisha ni kurudi kwa Bodi ya Leseni za Silaha na kuanza safari ya makaratasi, na kila mara kuitoa Nakuru hadi Nairobi kwa gari la kukodi, kwa maana sitaingia nayo kwenye matatu.

Ibara ya 46 ya Katiba yetu inampa mnunuzi haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidi anachonunua. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, kinasema mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayotaka kuifanya, na akitegemea ujuzi wake, bidhaa iifae kazi hiyo. Mimi niliwaeleza. Nilitegemea ujuzi wenu, nao ukaenda kwa kaka.

Ninachotaka ni geji 20, ambayo tundu lake ni dogo kuliko la 12, yenye kitako cha inchi 12 hadi 13. Zipo. Mossberg wana Super Bantam ambayo kitako chake kinaongezwa au kupunguzwa kati ya vipimo hivyo hivyo, na mtutu wa inchi 22 wenye choki za kubadilisha. Sishikilii kampuni hiyo, nashikilia vipimo. Tofauti ya bei nitalipa ikiwa ipo. Gharama za makaratasi na usafiri ni zenu, pamoja na barua kwa Bodi ya kueleza kwa nini ninabadilisha. Hizi katriji za geji 12 zilizobaki pia mzichukue, kwa sababu sitaki ziwe nyumba moja na za geji 20: ya 20 ikitumbukia kwenye bunduki ya 12 inateleza na kukwama mtutuni, na atakayeweka nyingine nyuma yake atapasua mtutu usoni pake.

Nikija, nataka kupimwa nimesimama na koti langu la kulengea, kabla hela haijatoka.

Ninasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Mkiamua kupiga simu badala ya kuandika, namba yangu mnayo. Ile nyingine mliyoandika kwenye risiti ni ya kaka.

Wenu,
Mteja wa Njoro