Mjomba, kuhusu ile "pesa ya mbwa"

Norfolk, Uingereza
Disemba 14

Mjomba, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa hapo Rutamba, kwetu Lindi. Mimi sijambo. Baridi ipo, kazi ipo, afya ninayo, mengine tuyaache.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ningelia, na wewe ungesema tumalize mazungumzo nikishatulia. Wala sikutaka kukujibu kwenye grupu la ukoo, ingawa huko ndiko ulikolisemea. Ulisema mbele ya watu wote kwamba pesa ya mbwa, hii ninayoipata kwa kazi ya kuokota bata na mbwa wangu, haina baraka. Mama amesikia. Hata wale wa Dar ambao hawajanijulia hali tangu niondoke waliamka siku hiyo kukuunga mkono. Siku tatu hazikupita, ukaniletea ujumbe wa kuomba laki tano za vibarua wa mikorosho. Mjomba, mimi ni mpwa wako, sina haki ya kukupandishia sauti, na siipandishi. Lakini neno lile limenikaa kooni kama mwiba wa samaki changu.

Ile picha iliyozunguka ilinionyesha nimemkumbatia mbwa mweusi, nimevaa gambuti, tope hadi magotini. Aliyeituma aliikata. Kwenye picha nzima mbwa ana bata mdomoni, bata mwitu dume, kichwa cha kijani kama jani la mkorosho lililonyeshewa. Kama ungemwona yule bata ungeuliza maswali mengine kabisa, maana nakujua. Kwa hiyo acha nikueleze kazi yenyewe, wewe uliyetufundisha ulimbo na manati kabla hatujajua kusoma.

Shamba ninakofanya kazi lina mabwawa matatu katikati ya shayiri, kila moja kama uwanja wa msikiti wetu. Mchana bata wanapumzika kwenye maji makubwa, jua likizama wanaruka kuja huku kutafuta chakula. Mwenye shamba humwaga shayiri pembezoni, penye kina kisichofika kiwiko, kwa sababu bata hawa hawapigi mbizi kula. Wanazamisha kichwa, mkia unabaki juu. Ukimwaga kwenye kina umepoteza shayiri yako. Wapigaji hujificha kwenye matete, wanne tu, upepo wakiuweka mgongoni, maana bata hutua akiukabili upepo. Mimi sishiki bunduki. Kazi yangu na mbwa wangu ni kuhakikisha hakuna ndege aliyeanguka akaachwa gizani anateseka.

Wanavyojizuia ungependa. Msimu wao unaanza Septemba mosi, unafungwa Januari 31. Bwawa moja likipigwa jioni, mwenye shamba, mzee wetu hapa, analiacha wiki tatu. Na jioni yenyewe husimamisha bunduki bata wakiwa bado wanamiminika, ili wa mwisho washuke wale kwa amani, la sivyo watalihama. Mara ya kwanza kuliona hilo nilikukumbuka, ulivyotukataza kurudia ulimbo kwenye mti ule ule. Tena marisau yao, vile vigololi vya bunduki, ni ya chuma. Yale ya madini ya risasi yamepigwa marufuku kwa bata hapa England tangu 1999, kwa sababu bata humeza vijiwe vya kumsagia chakula kwenye filigisi, na akiokota risasi matopeni humwua taratibu. Kumbe gobore lako, lililokula vipande vya nondo, halikuacha sumu ziwani.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Mwezi huu jua la hapa linazama saa tisa na dakika arobaini alasiri. Ongeza saa tatu, huko kwenu ni saa kumi na mbili na dakika arobaini, magharibi. Nikiwa nimechuchumaa kwenye matete nasubiri bata, ninyi mnatandika mikeka. Jua lenu na langu linazama pamoja. Mwezi ujao tutaanza kupishana tena, lakini Disemba hii kila jioni, mbingu ikianza kuwa nyekundu, najua mama anasogeza birika la udhu karibu na mlango. Wenzangu wanadhani natazama bata.

Sasa kuhusu Tess, huyo mbwa wangu. Nilimpokea ana wiki nane, anakaa kwenye viganja viwili. Nimemfundisha mimi, Mjomba, si mtu mwingine. Filimbi moja ndefu, kaa hapo hapo ulipo. Mlio mfupi mfupi, rudi. Asilie kwenye maficho, maana bata wana masikio. Asikimbilie ndege hadi atumwe, hata akianguka mbele ya pua yake. Na mdomo, hapo ndipo nilipotumia muda zaidi: abebe asibane, amlete bata hadi mkononi mwangu ngozi haijatoboka. Kuna watu wamezaliwa kwenye kazi hii na mbwa wao wanatafuna.

Jumamosi iliyopita upepo ulikuwa wa kaskazini, mkali. Vilianza kuja vile vibata vidogo, wengi wao huku ni wageni kama mimi, wamekimbia barafu ya Urusi. Unasikia mbawa kabla hujaona kitu, kama mtu anachana kanga. Wale wakubwa huzunguka bwawa mara mbili, mara tatu, wanakagua, lakini vidogo havikagui, vinaingia moja kwa moja. Kimoja kilipigwa kikaenda kuangukia nyuma yetu, ng'ambo ya mfereji, kwenye matete marefu. Giza lilikuwa limeshaingia. Bwana mmoja mwenye miaka mingi kwenye kazi hii akatuma mbwa wake wawili, mmoja baada ya mwingine. Wakarudi midomo mitupu. Akasema tukiache hadi asubuhi.

Nikaomba nijaribu. Sikumtuma Tess kutokea tulipokuwa. Nilimzungusha hadi upande ambao upepo ungetoka kule kwenye matete na kumpiga usoni, maana gizani ishara ya mkono haina kazi, ni pua tu. Nikamwambia neno lake. Nikasikia maji yakipasuka, kisha matete, kisha kimya. Kimya kirefu. Filimbi ilikuwa mdomoni na nilijizuia kuipuliza, kwa sababu ukimwita mbwa akiwa kwenye harufu umemwambia humwamini. Mzee alianza kukusanya mifuko. Ndipo nikahisi kitu chenye maji kinanigusa gotini. Nikashusha mkono: pua baridi, na kile kibata, cha moto, kizima, moyo unadunda kwenye kiganja changu. Nikasoma bismillahi, nikakichinja hapo hapo kwa kisu changu.

Wanaookotwa hai nawachinja, hao ndio ninaokula. Waliokufa kwa bunduki nawaachia wenyewe. Na Jumapili asubuhi mzee aliniambia kuanzia sasa ndege akipotea, wa kwanza kutumwa ni Tess. Malipo ya jioni nayo ameongeza. Hakuna mwanamke mwingine hapa anayeongoza mbwa, na hakuna mtu aliyetoka mbali kama mimi. Nataka hilo ulisome mara mbili.

Najisi ya mbwa naijua, Mjomba. Wewe ndiye uliyenipeleka chuo cha Kurani. Karibu na bomba la uani nimeweka kopo la udongo. Naosha mara saba, moja kwa udongo, hata siku maji yanapokata vidole. Nguo za kazi ya mbwa haziingii chumbani, na kanga za kusalia ziko kwenye mfuko wake. Magharibi naisali nikirudi, sijaiacha. Ukitaka dalili, fungua Suratul Maida aya ya 4, wanyama wanaofundishwa kuwinda wametajwa. Na babu je? Mbwa wake wa kuwindia nguruwe, wale wa njuga shingoni, nani aliwahi kusema muhogo waliouokoa hauna baraka? Tulikula sote, na wewe ulikuwepo.

Sasa mikorosho. Hapa nitasema kidogo ili nisikosee adabu. Septemba nilituma pesa za kufyekea chini ya mikorosho ya mama. Ilifyekwa, mama amethibitisha, nashukuru. Lakini nimesikia kwamba korosho zake hazikufika ghala la ushirika, zilichukuliwa kwa kangomba, ule ununuzi wa magendo, kabla hazijaanguka, na mama hakuulizwa. Mikorosho ile aliachiwa na bibi, kwetu mali hupita kwa mama, na wewe ndiye mlinzi wake kwa mila zote. Sijaamini niliyoyasikia. Nataka kuyasikia kwako.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Laki mbili nimemtumia mama leo, awalipe vibarua mwenyewe mkononi. Laki tatu ninazo, nimeziweka kando, ni zako. Nitazituma siku utakaponijibu kwa kinywa chako jambo la kangomba, liwe la kweli au si la kweli. Na lile neno ulilolisema kwenye grupu, naomba ulifute hapo hapo kwenye grupu, si kwangu pembeni. Sikuombi uniombe radhi, wewe ni mkubwa. Lifute tu.

Nimeota ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, wiki hii, mara mbili. Mwambie mama asicheke.

Msalimie kila mtu, hata wale wa Dar.

Mpwa wako,
Zuhura

Nyongeza: wale bata wa miluzi, wanaopita juu ya nyumba usiku kwenda mpungani, bado wanapita? Mzee wa hapa ameniuliza bata wa kwetu wanaliaje, nikapiga mluzi, nikaona siupatii. Usiku ukiwasikia toka nje na simu unirekodie, hata kama ni dakika moja.