Kwa Ilunga, kuhusu yale masomo 14

Lubumbashi, Katuba, Jumapili jioni

Ndugu yangu Ilunga,

Jambo sana. Mama hajambo? Sisi huku wazima, ila umeme siku hizi unakuja saa tano usiku na kuondoka alfajiri, kwa hiyo nakuandikia kwa simu na kompyuta inangoja zamu yake.

Ujumbe wako umenichekesha. Umejaza diski kwa masomo 14 ya kutengeneza programu za simu, bado hujaandika hata mstari mmoja, na sasa unaniuliza uanzie wapi! Sikucheki kwa ubaya; na mimi nilipitia huko huko. Kuna kijana hapa mjini aliniuzia fleshi iliyojaa video, nikatembea nayo mfukoni wiki nzima nikijiona fundi.

Somo la kwanza nililolifuata lilinila miezi mitatu. Lilikuwa la Flutter, zana ya Google ya kujengea programu za simu, mwalimu anaongea Kifaransa kizuri, taratibu, hakurupuki. Siku ya kwanza tu akaandika RaisedButton, kwake kitufe kikatokea, kwangu mstari mwekundu. Nikadhani nimekosea herufi. Nikaandika upya, nikazima mashine, nikawasha, mstari uko palepale. Kumbe kitufe hicho kilishaondolewa, siku hizi kinaitwa ElevatedButton, na video yenyewe ni ya 2019. Nilipovuka hapo nikagonga kwenye Dart, lugha inayoandikiwa Flutter: mwaka 2021 walibadilisha jinsi ya kushughulikia thamani tupu (null), na tangu Dart 3 ya 2023 mtindo wa zamani haukubaliwi kabisa. Mwalimu hakuwa mbaya, somo lake ndilo lilikuwa limezeeka, na mimi kila kosa nilijibebesha mwenyewe.

Kwa hiyo fungua hizo 14 moja moja, utazame tarehe kabla hujaangalia sura ya mwalimu. Inayoanza kwa kukwambia usakinishe Eclipse, ile programu ya zamani ya kuandikia kodi, futa bila huruma. Google waliacha kuitegemeza kwa kazi ya Android mwaka 2015. Inayofundisha lugha ya Java na skrini zinazoandikwa kwenye faili za XML haijafa, programu nyingi bado zimejengwa hivyo, ila anayeanza leo simshauri aanzie hapo. Tangu 2019 Google wenyewe wanaitanguliza lugha ya Kotlin, na skrini zinachorwa kwa Jetpack Compose, zana ya kuchora skrini kwa Kotlin hiyo hiyo, iliyokomaa mwaka 2021.

Mimi ningekupa moja tu: Android Basics with Compose, kwenye tovuti ya Android yenyewe. Ni bure. Sehemu kubwa ni maandishi, haili mega za intaneti kama video. Halafu mwanzoni unaandika Kotlin ndani ya kivinjari, bila kusakinisha kitu. Baadaye unatengeneza kadi ya siku ya kuzaliwa, kisha programu ya kurusha dadu. Usiidharau ile dadu. Ukibonyeza kitufe namba ikabadilika, umeshagusa jambo ambalo utalihitaji kila siku: skrini kufuata kilichobadilika ndani.

Sasa hiyo mashine yako yenye kumbukumbu (RAM) ya 4 GB. Android Studio, programu ya kutengenezea programu za Android, inataka 8 GB kwa uchache, na ukiwasha simu ya bandia ndani yake, ndipo utajua maana ya kuchoka. Pesa uliyotaka kulipia somo la 15, mpe fundi akuongezee RAM. Na simu ya bandia achana nayo, tumia hiyo ya mkononi. Nenda kwenye mipangilio, tafuta Numéro de build, uiguse mara 7, simu itakwambia umekuwa mtengenezaji wa programu (développeur). Washa ruhusa ya USB, chomeka waya. Siku jina langu lilipotokea kwenye simu yangu yenyewe, nilimwamsha yaya, mkubwa wangu, usiku nimwoneshe. Alinitukana kidogo.

Jambo jingine: mradi wa kwanza, Gradle, chombo cha ndani ya Android Studio kinachokusanya na kuunganisha programu yako, itavuta mizigo mingi kutoka intaneti. Mimi nilijaribu kwa mega za siku moja, zikaisha katikati. Nenda penye wifi ya kweli, mradi wa kwanza umalizike huko, ndipo urudi nyumbani.

Ya iPhone tuyaache. Xcode, programu ya Apple ya kutengenezea programu za iPhone, inataka kompyuta ya Mac, na Apple wanadai dola 99 kila mwaka ili uweke programu yako dukani kwao. Google ni dola 25, mara moja basi.

Na ukimaliza somo, lifunge, uandike tena bila kuchungulia, lakini kwa jambo lako. Wewe unalo tayari: lile daftari la madeni dukani kwa mama, lililolowa mafuta. Jina la mdaiwa, faranga ngapi, siku gani alichukua. Anza na majina matatu tu. Ukikwama nitumie maneno yenyewe ya lile kosa jekundu, usiniambie tu kwamba "imekataa".

Mwisho wa mwezi nina safari ya Likasi. Nitataka kuona dadu inazunguka kwenye simu yako, na mwambie mama nitakula bukari (ugali) kwake, nikikopa aniandike kwenye programu.

Nduguyo,
Kasongo