Tairi za gari la lami na vumbi, tusidanganyane

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Nina Prado, wiki nzima iko lami hapa Arusha, wikiendi naingia nayo Mto wa Mbu, Engaruka mpaka Ziwa Natron kule kwenye mawe ya volkano. Mwaka jana muuza tairi mmoja akanijaza maneno nikafunga zile za tope, kashata (yale mafundo ya mpira yanayokanyaga chini) kubwa kama matofali, jamani kelele kwenye lami utadhani umepanda trekta, mafuta yanalambwa na mvua ikinyesha ukikanyaga breki unaomba Mungu.

Sasa hivi nimefunga ol-tereni (all-terrain, tairi za lami na vumbi pia), saizi ileile ya kiwanda 265/65R17, na naona ndo zinatufaa sisi wa huku na huku. Ila muangalie ubavu, maana mawe hayatoboi kashata, yanachana ubavu na hapo hakuna kiraka, kwa hiyo ulizia zenye herufi LT (light truck, yaani za magari ya mizigo) kabla ya namba za saizi, ni ngumu zaidi japo gari linadunda kidogo. Halafu soma zile namba nne mwisho wa DOT, ile kodi iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019, mi nishauziwa tairi "mpya" ina miaka sita!

Tope jeusi la mbuga lakini usilijaribu na hizi ol-tereni, kashata zinajaa zote unabaki unateleza tu kama sabuni.

Wauzaji nao wawe wanatuuliza kwanza gari linapita wapi kabla ya kutaja bei.

Msomaji wenu, Arusha